Wikiendi Moro: Tulivyomsaka Babu Kwenye Kichwa cha Treni

Kama uko kwenye ndoa changa utakuwa unaijua hali hii. Kuna mada moja nyumbani ambayo mkiigusa tu, chai inapoa mezani. Kwetu mada hiyo ilikuwa inaitwa Nairobi. Mume wangu, mhandisi wa mitambo ya simu, alipata mkataba wa miaka 2 kule. Mimi niko benki hapa Dar, ndoa yetu ilikuwa na miezi 14, na nilikuwa na silaha moja tu ambayo haikuwahi kuniangusha: babu yangu.

Babu, baba yake mama, alikuwa mtu wa reli. Katika hadithi ya familia yetu, alikuwa msaidizi wa dereva, yule wa kuchochea moto, kwenye gari moshi la abiria lililokuwa likipita Morogoro kwenda Kigoma. Na miaka yote hiyo, eti, hakuwahi kumwacha bibi peke yake zaidi ya siku 3. Kwa hiyo kila mume wangu alipoanza, "Mke wangu, hii ya Nairobi...", mimi namkata: "Babu yangu alikuwa na kazi ya kusafiri kuliko wewe, na nyumbani alirudi."

Ushahidi upo sebuleni kwa mama. Picha nyeusi na nyeupe, babu kijana, kofia upande, tambara mkononi, ameegemea kichwa cha treni kikubwa ajabu. Juu ya bega lake kuna kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa ULUGURU MOUNTAINS, na namba 5931. Nyuma ya picha, kwa penseli: Krismasi 1962.

Sasa unataka nini tena? Milima ya Uluguru iko Morogoro, babu alikuwa Morogoro, kesi imefungwa.

Ubaya wa kuolewa na mhandisi ni kwamba hawezi kuona namba akaiacha hivi hivi. Siku moja tuko kwa mama tunakula pilau, akaitazama ile picha muda mrefu, halafu akasema taratibu, "Hiki kichwa mbona kikubwa mno kwa ile reli ya Moro?" Nikajua ananichokoza. Tukawekeana dau palepale. Twende Morogoro wikiendi nzima, tutafute ni vichwa gani hasa vilivyokuwa vinavuta treni za abiria miaka ile. Akishindwa yeye, Nairobi isitajwe tena ndani ya nyumba yangu. Nikishindwa mimi, nitakaa chini tuzungumze kama watu wazima.

MJI KASORO BAHARI

Tuliondoka Ijumaa jioni kwa treni ya SGR, ile ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Daraja la kawaida tulilipa shilingi 13,000 kila mmoja. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, hata hujamaliza karanga zako, umefika. Haijafika saa 2. Zamani safari ya Moro ilikuwa na kubeba chapati na mto wa kulalia. Siku hizi ukichelewa kuanzisha ugomvi na mwenzio ndani ya treni, mnashuka hamjaumaliza.

Stesheni mpya iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo jiandae na nauli ya bajaji. Giza lilikuwa limeshaingia lakini milima unaihisi hata usipoiona: hewa inabadilika, inakuwa na ubaridi fulani wa majani mabichi. Moro wanaiita mji kasoro bahari, na mimi nakubaliana nao. Ni mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, watu waliofanya nchi nzima icheze dansi, na mpaka leo ukikaa baa ya kawaida ya mtaani, kuku wa kukaanga akiwa njiani, lazima utasikia gitaa la zamani linalia mahali. Tulikula, tukacheza kidogo, Nairobi haikutajwa. Nilikuwa nimeshajiona mshindi.

Jumamosi asubuhi tukaenda stesheni ya zamani. Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ni reli ya upana wa mita 1 tu, na ukishazoea kuiona ile mpya ya Kihonda, hii unaweza kudhani ni ya kuchezea watoto. Lakini ina haiba yake. Kuna kivuli, kuna wauza maji na mayai, kuna wazee ambao ukiwauliza kama treni inakuja wanakwambia "ipo" bila kueleza iko wapi.

Mume wangu akaitoa picha (tulipiga nakala, ile halisi mama asingethubutu kuitoa) akaanza kuzunguka nayo, anainyanyua, anaishusha, anafumba jicho moja kama fundi cherehani anayetunga uzi. Alikuwa anatafuta mpigapicha alisimama wapi. "Hebu njoo," akaniita. "Angalia nyuma ya babu."

Nikaangalia. Picha ile nimeiona tangu sijaanza shule, na sikuwahi kuangalia nyuma ya babu hata siku moja. Kuna paa refu la karakana na mbingu tupu. Kisha nikageuka nikatazama kusini. Uluguru imesimama pale kama ukuta, kutoka Bigwa mpaka unakotokomea, ya kijani, na wingu limekaa juu yake kama kilemba. Ukisimama mjini Morogoro, kuikwepa milima ile kwenye picha ni kazi.

"Labda alipiga akiwa ameupa mlima mgongo," nikasema. Hata mimi niliisikia sauti yangu.

"HII HAIJAWAHI KUKANYAGA HAPA"

Chini ya mwembe karibu na reli kulikuwa na wazee wanacheza bao. Tukaamkia, tukaitikiwa, tukaeleza shida yetu. Mmoja wao, dereva mstaafu aliyeanza kazi miaka ya 1960 kwa kufuta vichwa vya treni, akavaa miwani na kuipokea picha. Akaangalia sekunde mbili tu.

"Hamsini na tisa," akasema. "Wajukuu zangu, hii haijawahi kukanyaga hapa. Ingekanyaga, reli ingelala chini."

Akatufundisha kusoma namba, na naomba nawe ujifunze, siku moja utamshinda mtu dau. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika, lilikuwa linavipa vichwa vyake namba za tarakimu 4. Tarakimu 2 za mwanzo ni aina ya kichwa, 2 za mwisho ni kichwa cha ngapi katika aina hiyo. Kwa hiyo 5931 ni kichwa cha 31 cha aina ya 59. Vilikuwa 34, viliundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock, vikaletwa 1955 na 1956. Vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: Kenya, Meru, Elgon, Kilimanjaro, Hanang. Uluguru walipendelewa, maana mbali na hiki cha babu kulikuwa na kingine, 5926, kilichoitwa Kimhandu, kile kilele kirefu kuliko vyote cha Uluguru chenye zaidi ya mita 2,600.

Ni mashine za mtindo wa Garratt. Fikiria injini 2 zimepeana mgongo, halafu katikati zikabebeshwa pipa moja kubwa la kuchemshia maji. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na kwenye reli za upana wa mita 1 hakuna nchi duniani iliyokuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kuliko hicho. Shida ndiyo hiyo. Kila ekseli ilikuwa inaikandamiza reli kwa tani 21. Njia ya Mombasa mpaka Nairobi ilikuwa na reli nzito za kuhimili hayo. Reli ya kati, ya kwetu, ilikuwa nyepesi.

"Basi Moro abiria walivutwa na nini?" mume wangu akauliza, na niseme ukweli, aliuliza kwa adabu, hakunitazama.

Mzee akafurahi kuulizwa. Kulikuwa na aina ya 30, za kutoka Glasgow, zenye majina ya makabila na matangi makubwa ya maji nyuma, maana ukishaipita Kilosa kwenda Dodoma na kwingineko nchi ni kavu. Kulikuwa na aina ya 60, hizo nazo Garratt lakini nyepesi, zilizoitwa kwa majina ya magavana wa kikoloni. (Baada ya uhuru vibao vya magavana viling'olewa. Vya milima vikabaki, mlima haukuwa na kosa.) Kisha miaka ya 1970 zikaja dizeli za Montreal, Kanada, na kazi ya kuchochea moto ikaanza kufa taratibu. Nani alipewa kichwa gani kwa treni ipi, hilo, alisema mzee, ulilisoma kwenye ubao karakana unapoingia zamu. Treni ya abiria ilipewa kichwa chenye afya, kilichotoka kuoshwa tumbo, kwa sababu mizigo ikilala porini hailalamiki.

Halafu akaonyesha mkono wa babu kwenye picha. "Mnaona ameshika tambara? Siyo koleo. Hizi zilikuwa zinakula mafuta mazito, siyo makaa. Huyu hapa yuko Nairobi, au Mombasa. Kulikuwa na watu wetu wengi kule, shirika lilikuwa moja."

Nairobi. Kati ya miji yote ya dunia hii.

Mama yangu alizaliwa 1961. Nilianza kupiga hesabu mwenyewe bila kusaidiwa na mhandisi.

MORNINGSIDE

Mchana huo tulipanda kwenda Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo juu mlimani. Kwa miguu ni mwendo wa saa 2 hivi ukitoka mjini, zaidi kama umevaa viatu vya mjini kama mimi. Mume wangu hakuniambia hata neno moja la ushindi. Afadhali angeniambia. Nilitembea mbele kama niliyechelewa mkutano, napishana na kina mama wanaoteremka na matenga ya mboga na ndizi kichwani, wananipa pole, mimi sina mzigo wowote.

Njia ile ni nzuri, usipime. Unapita mashamba yaliyoning'inia kwenye mteremko mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje. Vijito vinakatiza njia, na maji yake ni baridi ya kuuma meno. Ukumbuke kwamba mto Ruvu chanzo chake kiko kwenye milima hii, kwa hiyo ukifungua bomba Dar, huenda unanawa Uluguru. Huko juu zaidi ni msitu ambao tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, una ndege na maua ambavyo huvipati kwingine.

Mahali fulani tulikaa kwenye jiwe, nikakumbuka kitu ambacho mama aliwahi kunisimulia. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko hii, eti kuokoa udongo. Watu wakagoma, Matombo kukawa na vurugu, mtu akapigwa risasi akafa. Na mwaka ule ule, nikawaza, kule Manchester mafundi walikuwa wanaunda vichwa vya treni na kuvipa majina ya milima. Jina la Uluguru lilikuwa linasafiri kwenda kufanya kazi Mombasa, na babu yangu alikuwa njiani kulifuata.

"Alikuwa na mtu mwingine kule," nikasema.

"Hujui," mume wangu akajibu.

"Miaka hiyo, kijana, mshahara wa reli, peke yake Nairobi?"

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ndicho unachokiogopa," akasema. "Miezi yote hii unaniambia mambo ya babu, kumbe hujawahi kuniuliza mimi."

Pale juu unauona mji wote, mapaa ya bati yanameremeta, na reli imelala katikati kama uzi. Tulikaa mpaka baridi ikatufukuza. Hatukugombana. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulizungumza saa nzima bila mmoja wetu kushika simu.

SAHANI MBILI

Jumapili tukaenda Bigwa kwa bibi. Kwetu Waluguru ukoo na ardhi vinafuata mama, na bibi anaishi kwenye shamba la mama yake, migomba mbele, mdalasini nyuma, mlima unaanzia jikoni kwake. Amekaribia miaka 90 na masikio yake ni mazuri kuliko yangu.

"Mke mwenzangu umekuja," akasema, maana ndivyo anavyoniita, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wa kike. "Na mume wetu umemleta."

Nilipanga kuzunguka, kuanza na habari za shamba. Nikashindwa. Nikampa ile nakala ya picha. "Bibi, hapa babu alikuwa wapi?"

Hakuvaa hata miwani. "Nairobi," akasema. "Kwani wewe ulidhani wapi?"

Jamani.

Basi akaeleza, huku anamenya viazi, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka juzi. Babu alihamishiwa Kenya mwaka 1961, mama akiwa mchanga. Bibi hakumfuata kwa sababu shamba la mama yake angemwachia nani? Kila jioni king'ora cha gari moshi kilipolia huko mjini, watoto wakauliza baba yuko wapi, aliwaambia, "Si huyo anapita? Ana kazi, atakuja kesho." Walikua wakiamini. Babu aliporudi 1965 na kupangiwa kweli reli ya kati, kuvuta abiria wa Kigoma, uongo ukawa ukweli, na hakuna aliyeona haja ya kurekebisha miaka ya mwanzo.

"Ningewaambia nini?" akaniuliza. "Kwamba sijui?"

"Hukuwahi kwenda kumwona?"

Alikwenda mara 1. Alisikia maneno ya watu, akafunga safari kwenda kumfumania. Basi mpaka Korogwe, kisha gari moshi mpaka Moshi, akazunguka Voi mpaka Nairobi, maana wakati ule reli ya kati ilikuwa haijaungana na ya Tanga. Ile njia ya Ruvu mpaka Mnyusi ilifunguliwa 1963. Siku kadhaa njiani, mtoto mgongoni, hasira kifuani. Akaenda moja kwa moja karakana. Akamkuta babu amepanda kwenye lile dude anasugua kibao. Siyo kazi aliyotumwa, wenzake walikuwa wameshakwenda kula. Alikuwa anasugua lile jina.

"Nikamwangalia, hakuniona. Anasugua U, anasugua L. Hasira ikaniisha kidogo."

"Kidogo?"

"Tulipofika chumbani kwake," bibi akasema, akaweka kisu chini, "kulikuwa na sahani mbili zimeoshwa, zimeinamishwa pale. Mbili."

Mimi na mume wangu tukatazamana.

"Ukamuuliza?"

"Sikumuuliza. Nilikaa wiki 3. Nilipoondoka nilibeba sahani moja." Akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Ipo humo kabatini. Mtakulia leo."

Tuliikulia kweli. Ni sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, imebanduka rangi pembeni. Baada ya chakula bibi alimshika mume wangu mkono akamwambia kitu kwa Kiluguru ambacho hakukielewa, na mimi nilikataa kumtafsiria mpaka leo.

Jioni, Kihonda, tukapanda treni ya kurudi. Mume wangu alikuwa anasoma kwenye simu: katika vile vichwa 34 vya aina ya 59 vimebaki 2 tu, vyote viko Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Uluguru haimo. Lakini 5930, iliyopewa jina la kilele cha Shengena huko Upareni, ipo.

"Namba inayofuatana na ya babu," akasema. "Unaweza kwenda kuisimamia pembeni ukapiga picha."

"Nitakwenda," nikasema. "Nyumba watakayokupa kule ina vyumba vingapi?"

"Kimoja na sebule."

"Na sahani?"

Akanitazama. Treni ilikuwa imeshaipita Ngerengere.

"Nitanunua sita," akasema, "ujue kabisa nina wageni."

Nikamwambia anunue mbili, na zote nitazihesabu mwenyewe kila mwisho wa mwezi.